Kambale, Moto Umezimwa Bila Mimi

Mchumba wangu Kambale,

Nimekuandikia mara nyingi kwenye simu, kisha nikafuta. Najua unaniona naandika, naandika, halafu kimya, nawe unanitumia alama ya kuuliza. Leo asubuhi nimefagia kiwanja, nikakifagia tena, nikachukua ndoo kwenda kuteka maji wakati mapipa yote yamejaa, mpaka mama akapiga kelele: "Zaina, ikala basi! Unanipa kizunguzungu." Haya, nimekaa. Nimeweka karatasi juu ya cherehani yake na mguu wangu unapiga kanyagio chini bila kushona kitu.

Barua hii naiacha wazi, asomaye asome. Nusu ya mtaa wetu wa Lubunga inajua kwamba uliniposa, na kila ninapovuka mto kuna mtu wa kuniuliza, "Kolwezi unaenda lini?" Lakini sababu yenyewe si hao. Nikikuambia kwa siri, kesho nitabadilisha tena maneno, kama nilivyozoea. Mbele ya watu sitaweza kufuta.

Unaukumbuka uwanja ule kando ya reli ya Ubundu, nyasi zimeota mpaka katikati ya vyuma? Pale ndipo Kamanda Bolamba alipotupanga mstari mmoja, askari wapya wa zimamoto pamoja na sisi wa kujitolea, kwa kuwa mipira ya maji haikutosha kufundishia makundi mawili. Alituonyesha mto kwa kidole. "Gari la moto liko ng'ambo ile," alisema. "Likiitwa huku, lingoje bac ilivushe. Bac nayo iko na siku zake. Donc gari ni nyiye." Tukacheka. Yeye hakucheka.

Wewe ulikuja siku hiyo na shati jeupe na viatu vinavyong'aa, umetoka moja kwa moja dukani kwa baba yako, katikati ya magunia ya maharage yaliyoshuka kutoka Butembo. Wenzetu wakakubandika jina la Patron, yaani bosi, hapo hapo. Mimi nilikuwa na kitambaa changu kichwani, na kulikuwa na minong'ono, je, msichana wa Kiislamu atavaaje kofia ya zimamoto? Kamanda alinitazama kidogo tu. "Kitambaa ibakie. Kofia iingie juu. Tuendelee." Mambo ambayo shangazi zangu waliyajadili kwa wiki nzima, yeye aliyamaliza hivyo.

Alikuwa akiwasha matairi ndani ya shimo, kisha anatusimamisha mbele ya moshi bila kutupa ruhusa ya kusogea. Alitaka tuangalie kwanza. Upepo unatoka wapi? Nani iko ndani? Mutakimbilia wapi ikigeuka? Mimi kabla hajamaliza swali la kwanza nilikuwa nimeshafika na ndoo. "Zaina!" alinguruma. "Miguu yako iko na kichwa yake!" Akaniadhibu nizunguke uwanja mbio. Nilizunguka nikitabasamu, na alipogundua kwamba adhabu hiyo ilikuwa sikukuu kwangu, akaibadilisha. Akanikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nisitikisike mpaka wengine wamalize zoezi. Ulipita karibu yangu na mpira begani, umejaa masizi mpaka kwenye kope, ukaninong'oneza, "Kuikala tu inakushinda?" Nilitaka kukurushia ndoo ile. Nadhani nilianza kukupenda hapo, ingawa nilijua baadaye.

Na ile siku ya kuvusha motopompe. Walituambia pampu imetolewa kwa ajili ya kikosi cha ng'ambo yetu, twende tuichukue mjini, na chombo kilichopatikana kilikuwa pirogi, mtumbwi wa mti mmoja. Tuliiweka katikati, wewe nyuma yake, mimi mbele. Mto ulikuwa umejaa. Tulipofika kwenye mkondo mkali pirogi ikalala upande, maji yakaingia, nami nikageuka nikakuona umeikumbatia ile pampu kwa mikono na miguu kama mtoto aliyemshika mama yake asiende sokoni. Tulipokanyaga mchanga nikakuuliza, kama ingeanguka ungefanyaje?

"Ningeruka nyuma yake."

"Na miye je?"

"Weye unajua kuogelea. Pampu haijue."

Tulicheka hadi mpiga kasia akatufukuza kando ya pirogi yake. Ukaninunulia lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa moshi kwa mama aliyekuwa anauza pale ufukweni, tukala kwa sahani moja huku nguo zinatukaukia mwilini. Ukaniambia kwenu wanakutaka dukani, kwamba baba yako anasema mwanaume haachi magunia yake kwenda kufukuza moshi wa watu. Nikakuambia kwetu nako mama anataka nishone. Basi tukawa wawili waliotoroka.

Lakini Kambale, jambo ambalo ninalibeba zaidi ni lile la mama mzee wa karibu na kituo cha reli. Moto ulishika safu ya nyumba za majani ya ndele, pampu ikagoma kuwaka, na ilibidi tubomoe paa moja ambalo halijaungua ili moto ukose njia. Paa lilikuwa lake. Alisimama mlangoni amenyanyua mikono, "Nyumba yangu iko mzima! Munavunja nini? Nyiye ni wezi!" Wewe ndiye uliyepanda. Uliliangusha paa lile kwa panga, huku akikulaani wewe na tumbo lililokuzaa. Moto ulifika pale kwenye nafasi tupu, ukatafuta, ukakosa, ukafa. Watu walitupigia makofi. Yeye alikaa chini kwenye majani yake, analia.

Wengine tulikwenda kuoga. Wewe ulibaki, ukakaa chini karibu naye, ukaendelea kutukanwa. Jumapili iliyofuata uliporudi kutoka misani ulitupitia mmoja mmoja, tukaenda kukata ndele msituni, na jioni mama yule akawa na paa jipya. Hakushukuru. Alisema tu mlango umekaa upande. Ukautengeneza na mlango. Mimi nilikuwa chini nakupasia majani, na nikasema moyoni, huyu nitamzalia.

Nayasema haya yote ili ujue kwamba sijasahau, na ili mtu yeyote anayeisoma barua hii asiseme kwamba ulikuwa na kasoro. Hukuwa nayo.

Ulipopata kazi Kolwezi kwenye kikosi cha zimamoto cha mgodi, nilifurahi kweli. Ulinitumia picha za magari mekundu yamepangwa, ngazi zinazojinyoosha zenyewe, nguo nzito ambazo moto hauzipenyi. Ulinieleza baridi ya asubuhi ya huko, na jinsi wanavyocheka Kiswahili chetu. Tulikubaliana kwamba nitakuja. Ungetangulia, ningefuata.

Kisha nikaanza kusema, "Ngoja promosioni hii ya wanafunzi imalize mafunzo." Ilipomaliza, Kamanda Bolamba akastaafu, mafunzo yakabaki mikononi mwangu, nikasema, "Ngoja nimpate wa kuniachia." Baadaye pampu iliharibika. Baadaye kiangazi kikafika, wakulima wanachoma mashamba, si wakati wa kuondoka. Baadaye volontea wengi walikuwa wapya. Kila mara nilikuambia neno lilelile: nikitoka, watu watakufa. Na wewe hukukasirika. Uliwahi kuniambia mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka zamu: "Zaina, haiko weye peke yako unajua maji inazima moto." Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Mwishoni ulinitumia tiketi ya ndege. Nikasogeza tarehe. Nikaisogeza tena. Siku ninayotaka kukueleza sasa nilikuwa nimevuka kwenda mjini kuisogeza kwa mara nyingine.

Nilikuwa natoka kwenye ofisi ya ndege, nimeshuka ufukweni kutafuta pirogi ya kurudi, ndipo nikaona watu wote wamegeuza nyuso upande mmoja. Ng'ambo yetu ilikuwa inatoa moshi. Mweusi, mnene, unapanda wima. Mweusi namna ile ni petroli, na petroli kwetu inauzwa kwa chupa na bidoni nyuma ya soko, ubavuni kabisa mwa nyumba za ndele. Niliijua nyumba ya kwanza itakayoshika. Niliijua na ya pili.

Pirogi hazikuwepo. Nyingine zilikuwa katikati ya mto zinarudi polepole, nyingine zilikuwa zimeshavuka na waliotaka kutazama. Nikampigia simu Mado. Unamjua, yule muuza mikate ya mafuta ambaye ulimfundisha kukunja mipira kabla hujaondoka, sasa ndiye msaidizi wangu. Simu iliita bure. Nikampigia Litale, mwenzetu wa kikosini, naye hakujibu. Nikaanza kutembea. Nilikwenda mpaka kwenye mawe, nikarudi, nikaenda, nikawapigia kelele watu ambao hawakunikosea kitu. Niliona pirogi ya mvuvi imefungwa kwenye mti, nikaanza kuifungua kamba. Mzee mwenye pirogi akanishika mkono.

"Mama, unaenda wapi na chombo yangu?"

"Kwetu kunaungua!"

"Naona. Lakini maji iko na nguvu leo. Weye utazama, halafu tutakuwa na matanga mbili."

Hakuniachia mkono. Nilisimama pale, Kambale, nimeshikwa kama mtoto, na sikuwa na la kufanya ila kutazama. Maishani mwangu sijawahi kuutazama moto muda mrefu namna ile bila kuusogelea. Moshi ukapanuka. Ukalala upande wa reli, nikasema nyumba zimekwisha. Halafu ukasimama tena wima. Nikaona rangi inabadilika chini, unakuwa wa kijivu, na baada ya muda kijivu kile kikaanza kuwa cheupe kwenye mizizi yake. Wewe unajua maana yake. Mzee yule hakujua, akaniuliza kwa nini nalia.

"Wamefikisha maji," nikamwambia.

Nilipovuka hatimaye nilikimbia toka ufukweni mpaka sokoni, kandambili moja ikabaki njiani. Nikawakuta. Motopompe ilikuwa chini kijitoni inanguruma, Litale ameshika mdomo wa mpira, amepiga goti kama tulivyomfundisha. Wanawake na wanaume walikuwa wamepanga mstari toka kisimani, mabeseni yanapita mkono kwa mkono. Mapaa mawili yalikuwa yamebomolewa, na mwenye moja alikuwa anatukana kwa Kilingala na Kiswahili, akikosa tusi huku analichukua kule. Kibanda cha petroli kilikuwa majivu. Nyumba moja iliungua, ile ya kwanza. Muuza petroli alikuwa ameungua mkono, wameshampeleka kituo cha afya kwa baiskeli ya toleka. Hakuna aliyekufa.

Mado alikuwa amesimama juu ya kifusi, kofia yake imepinda, anaonyesha kwa mkono huku na huku. Nilimkimbilia, mdomo umejaa amri. Hakunipa nafasi, ingawa huniita yaya, dada yake mkubwa.

"Yaya, mustari iko na nafasi kule, karibu na mwalimu. Shika beseni."

Nikaenda. Nilisimama kati ya mwalimu wa shule na mama mwenye mtoto mgongoni, nikapokea beseni, nikatoa, nikapokea, nikatoa. Hakuna aliyenitazama mara mbili. Walikuwa na kazi.

Baadaye, tulipokuwa tunakunja mipira, nikamuuliza Mado ilikuwaje. Akanieleza bila kujisifu. Waliposikia kelele, walikusanyika wote pale kwenye pampu, na kila mmoja akawa anatazama njia ya ufukweni, wakiningoja. "Tulikungoja kwa macho, yaya. Halafu nikaona, bon, hakuna mutu anakuja. Nikasema tuangalie kwanza upepo." Akaona upepo unakwenda kwenye reli. Akaamua mapaa ya kubomoa. Litale alitaka kuingia kwenye nyumba inayowaka kutafuta watu, Mado akamzuia mpaka jirani alipohakikisha kwamba wote wametoka. Kisha akanitazama, akasita kidogo. "Usikasirike, yaya. Ungekuwa hapa, ungeisha kuingia weye mwenyewe."

Ni kweli. Ningekuwa nimeshaingia.

Nilimkumbatia. Nikawapongeza wote, nikawanunulia mikate kwa Mado mwenyewe, wakaimba, wakacheza kwenye matope. Nilicheza nao. Lakini ndani yangu kulikuwa na kitu kinachonichoma, na nilipofika nyumbani sikuweza kukaa, nikazunguka kiwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifikiri ni wivu. Kidogo, ndiyo, wivu ulikuwepo. Mtu unajenga nyumba miaka, halafu siku moja unabisha hodi na wenyewe wanakuambia pita, shika beseni. Lakini haukuwa wivu tu. Nilikuwa na hofu, na sikujua ninaogopa nini wakati moto umezimwa.

Asubuhi yake mama alikuwa anashona. Alishasikia habari zote sokoni kabla yangu. Hakuinua kichwa.

"Donc bale batoto banajua kazi sasa."

"Wanajua, mama."

"Basi hakuna kitu inakuzuia. Utaenda kwa bwana yako."

"Hapana," nikasema.

Kambale, lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Mama akasimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani yake, nami nikatazama chini kama mtu aliyevunja sahani. Hakunipigia kelele. Aliyekuwa amejiandaa kwa harusi kuliko sisi wote ni yeye, kitambaa cha gauni langu kiko sandukuni mwake mpaka leo. Akasema tu, "Basi umuambie mutoto wa batu. Usimuache anafungua mlango kila siku."

Ndiyo maana nakuandikia. Watu hawatakufa nikiondoka. Wamenionyesha hivyo, na wamenionyesha vizuri. Sina tena moto wa kujifichia. Ninabaki kwa sababu nataka kubaki.

Uliniambia kule mgodini kikosi bado hakichukui wanawake, lakini nisihofu, nyumba ipo, umeme upo, nitapumzika. Ulilisema kwa upendo, nalijua. Ulikuwa umeniona nikirudi na miguu iliyochubuka, ukaniona nikilala kwenye kiti na kijiko mkononi. Ulitaka kunipa kitu ambacho hakuna aliyewahi kunipa. Lakini kila nilipojaribu kujiona katika nyumba hiyo, nimekaa, nakungoja utoke zamu na unisimulie moto wa siku hiyo, nilisikia miguu inawasha. Ningekupenda kwa hasira, Kambale. Na hasira hiyo ingekula kila kitu kizuri ulichonifanyia, mpaka na paa la yule mama.

Sikuombi urudi. Nimekusikia unavyozungumza siku hizi, una kifua kipana, unasema "gari letu," "ngazi yetu." Umepata mahali pako. Ningekuita, ungekuja, nakujua, kisha ungekaa hapa ukitazama pampu yetu inayogoma na kujilazimisha kucheka. Hilo nalo sitaki.

Tiketi nimeirudisha jana, kule ofisi ya ndege. Zawadi ulizoleta kwetu, mama na shangazi wamekubaliana watazipeleka kwa baba yako dukani kwa heshima, kama walivyozipokea, na watakaa naye wazungumze. Baba yako atanisema. Mwache aseme, ana haki.

Kikosi nimemwachia Mado. Alinipinga, halafu akauliza kama ataruhusiwa kubadilisha siku za mazoezi, nikajua amekubali. Mimi nimeitwa niende Yangambi. Wakulima wa kule wanachoma mashamba na moto unawatoroka, wakaomba mtu wa kuwafundisha, na hawana kitu, si pampu, si kofia, wana ndoo na matawi mabichi tu. Baada ya hapo kuna vijiji vya kuelekea Basoko vinavyouliza. Naondoka na boti ya baleniere ya kesho. Sitakuambia kwamba nimetulia, nitakuwa nakudanganya. Ninaogopa watu nisiowajua, ninaogopa kufika na kukuta kwamba mimi si kitu bila Lubunga. Lakini hofu hii inanisukuma mbele. Ile ya Kolwezi ilikuwa inanirudisha nyuma, na kwa muda mrefu sikuweza kuzitofautisha.

Mwambie yeyote atakayekuuliza kwamba mchumba wako amekataa, na kwamba amekataa akiwa anakupenda. Usimfiche mtu. Ukioa, oa mwanamke anayejua kukaa na wewe jioni, umsimulie. Una habari nzuri za kusimulia, na mimi sikuwahi kuzisikiliza mpaka mwisho bila kuinuka.

Nilikupenda kwenye pirogi, na juu ya lile paa, na leo hii nakupenda. Nilidhani kukupenda kungenitosha nije, nikangoja kutoshe. Wewe ukangoja pamoja nami, bila kujua unangoja nini. Acha kungoja, Kambale. Funga mlango, ulale vizuri.

Aliyekuwa mchumba wako,
Zaina